Daftari la Kikohozi

Januari, saa mbili asubuhi.
Mlimani juu ya Ulaanbaatar jua bado linabishana na moshi
nani atangulie kuingia darasani.
Mimi, Dulmaa, muuguzi wa shule,
nina kipimajoto kimoja, kitanda kimoja,
na daftari nililolinunua kwa pesa zangu.
Kila anayekohoa namwandika: jina, darasa, mtaa.

Khulan, darasa la tatu, mtaa wa kisima.
Orgil, darasa la tano, mtaa wa kisima.
Mdogo wake Orgil, hajaanza shule, alimsindikiza tu;
naye nikamwandika.

Dawa ya maji, kijiko kimoja. Kesho wanarudi.
Kijiko kingine. Wanarudi.
Nikajiona kama mtu anayepiga deki
huku paa juu yake linavuja.

Usiku mmoja nikalisoma daftari kwa mitaa, si kwa majina,
na mtaa wa kisima ukasimama mbele yangu
kama shahidi aliyechoka kusubiri kuitwa.

Jumamosi nikapanda. Barafu, mbwa, nyua za mbao.
Ndani ya hema lao la sufi
jiko la bati lilikuwa limepasuka ubavuni,
na moshi, badala ya kufuata bomba,
ulikaa na watu kama mgeni asiyejua kuaga.
Mama yake Khulan akanimiminia chai ya maziwa, ya chumvi.
Sikumwambia makaa ni sumu.
Nje baridi ilikuwa thelathini chini ya sifuri;
makaa hayo hayo ndiyo yaliyomlaza mtoto akaamka.
Nikauliza tu, "Hapa pamepasuka tangu lini?"
Akapuliza chai yake ambayo haikuwa ya moto tena.
"Tangu baba yake aondoke."

Mwalimu mkuu akasema shule haina fungu la majiko.
Kweli, haina.
Ila ina wazazi, na wazazi wana mikono.
Baba yake Orgil, mchomeleaji,
aliburura mashine yake juu ya sleji ya mwanawe,
jiko kwa jiko, cheche zikiruka thelujini,
watoto nyuma yake msururu, kama harusi.

Na bondeni, kwenye maghorofa,
wanakotulaani kila wafungapo madirisha,
Bibi Norjmaa, mstaafu wa kiwanda cha sufi, alisoma tangazo letu
akapanda na wenzake wanne na mfuko wa viraka.
Nikaanza kumshukuru, akanikata kauli:
"Moshi wenu naupumua mimi pia. Sindano iko wapi?"

Davaa, aliyewahi kuwa mwanamieleka,
ambaye sasa hushindana na magoti yake tu,
akatufungulia ghala lake la viazi
watoto wakimbie humo siku ambazo nje hapafai.
Wanarudi darasani na udongo viatuni, mashavu mekundu,
na mwalimu wa hesabu ananilalamikia mimi.

Si wote waliofungua lango.
Mzee mmoja alisema jiko lake halikohoi.
Nikaandika jina la mjukuu wake,
nikaacha mstari mmoja wazi chini yake.
Bado uko wazi.

Machi, Khulan akabisha hodi.
Nikashika kalamu kwa mazoea.
"Sikohoi," akasema.
"Basi umefuata nini?"
"Nimekuja unione."
Akavuta pumzi hadi mabega yakampanda masikioni,
akaizuia, macho kayatoa,
akaiachia taratibu, bila hata mkwaruzo.

Nilipekua daftari zima. Halikuwa na safu ya jambo kama hilo.
Nikataka kucheka,
na kicheko kilipofika kooni kikageuka kikohozi,
kirefu, kikavu, cha miaka ishirini ya mlima huu.

Akaichukua kalamu vidoleni mwangu.
"Dulmaa," akaandika, herufi kubwa kubwa, ulimi nje.
Kisha akaniangalia kama ninavyowaangalia wao.
"Mtaa gani?"