Kisanduku cha Pili

Kazi yangu ni kuiambia mashine kipi ni kipi.
Hiki kichwa cha makala, hii ikisiri,
hili jedwali, hapa marejeo yanaanza.
Mashine haioni kivuli cha kijivu
wala mstari mwembamba uliozungushwa maneno.
Inataka alama mbili,
moja ya kufungua, moja ya kufunga,
na uiambie: humu ni kisanduku,
usikichanganye na aya zinazopita.

Wete, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya baskeli.
Umeme umekatika toka asubuhi.
Nna asilimia thelathini na moja kwenye betri
na kurasa kumi na nane
za maji chumvi yanavyoingia mabonde ya mpunga.
Waandishi watano, michoro sita, visanduku viwili.

Cha kwanza chepesi, maana ya istilahi.
Nikakipa nambari, nikakipa kichwa,
nikakitia nanga chini ya aya inayokitaja,
maana kisanduku kisicho nanga huelea,
kikaja kuangukia katikati ya marejeo
kama mgeni aliyekosea harusi.

Cha pili wameleta picha.
Maneno ya mtu, yamepigwa picha kama kitambulisho!
Hayatafutiki, hayanakiliki,
na Mkasi wa chumba cha pili, ambaye haoni,
simu yake ikifika hapo husema "picha",
ikapita zake.

Nikaanza kuyachapa upya, neno neno.
Nilipofika "dhahiri" mkono ukasita.
Nikarudi juu. Nikahesabu
kama alivyokuwa marehemu baba, kijiko juu ya meza:
nane, pumzi, nane.
Walikuwa wamemwaga aya moja tu,
kama kunde guniani.

    *Bonde langu la mpunga, limeshainywa bahari,*
    *Kila tuta nikijenga, maji yanalihasiri,*
    *Chumvi imekuwa unga, kwenye majani dhahiri,*
    *Andikeni bila kunga, jina langu na habari.*

Basi: alama ya kisanduku,
ndani yake alama ya ubeti,
ndani ya ubeti alama ya mshororo, mara nne,
moja ndani ya moja kama sufuria za shughuli,
na kila mfuniko urudi kwenye sufuria yake,
ukikosea mmoja makala yote haifunguki.

Nikampigia Daktari Shaame.
"Huyu mama hakujibu suali lenu. Katunga."
"Sisi tumeandika alivyosema," akasema.
Kisha akanyamaza, nikasikia pikipiki inapita kwake.
"Ndo maana alikuwa akisitasita.
Tulidhani anasahau."

Babu alikuwa na kitabu cha fiqhi,
matini katikati, hashiya imeizunguka pande zote,
imepinda, imepanda, mpaka ugeuze kitabu.
Nikimuuliza asome wapi kwanza, akisema:
matini ndiyo hukumu, ugomvi uko pembeni.
Na yeye alianzia pembeni.

Chini ya kisanduku wameweka:
Mkulima wa 7, mwanamke, miaka 58.
Kanuni ni kanuni, najua,
kuna fomu, kuna kamati, kuna kidole gumba kwenye wino.
Lakini mshororo wa nne unadai kitu
na mimi ndiye niliyeuhesabu.

Ipo alama ya kumtaja msemaji.
Nimeifungua.
Nimeifunga.
Katikati sijatia kitu,
mashine inalalamika kwa rangi nyekundu,
iache ilalamike.
Nimewaandikia waandishi wote watano:
*Aliyetunga kataka aandikwe. Mlirudi kumuuliza?*

Betri asilimia nne.
Nimehifadhi.
Mkasi kaja na simu yake, nimempa asikilize,
na safari hii haikusema picha.
Ilisoma mishororo yote, kwa sauti yake ya bati,
ikafika kwenye jina
ikavuta pumzi
ikaendelea na aya inayofuata.