Soksi za Damu ya Mzee

Februari, Majengo. Bati lalia kwa jua,
na mamangu ataka soksi.
"Nyayo zangu," asema, "zimelala kwenye barafu."
Mimi shati limenigandia mgongoni.

Za dukani zamuudhi. Mpira wang'ata,
mshono wakwaruza pale walipokata:
mguu wa kushoto, vidole viwili,
mwaka juzi, kwa ajili ya sukari.
"Nataka isiyo na mshono," asema,
kama mtu aagizaye samaki asiye na mwiba.

Nikaenda Kongowea, nikazama kwenye mitumba hadi kiunoni,
nikaibuka na sweta, rangi ya damu ya mzee,
kiwiko kimetoboka, shilingi hamsini.
Nililifumua usiku mmoja.
Uzi ulitoka umejikunjakunja
kama nywele zilizofunguliwa mabutu,
ungali wakumbuka mwili wa mtu nisiyemjua.
Sindano ni njiti tano za baiskeli;
Mbwarali fundi alinikatia, nikazinoa barazani.

Wakesho, jirani wa juu, ndiye aliyenifunza.
"Kwetu Wundanyi ukungu huingia hadi kitandani.
Hapa nafuma tu, vidole visije vikasahau."
Hakuniuliza mfunga makontena wa Kilindini
atafuta nini kwenye uzi.
Mafundo nayajua. Vitanzi sikuvijua.

Arobaini na nane, duara, duara.
Soksi ikashuka kama bomba,
na bomba ni bomba,
sikuona ajabu,
mpaka nilipojiuliza: mguu utapinda wapi?

Wakesho akaimeza chai yake, akasema, kama asomaye chuoni:

*Sifike mwisho, geuka,*
*viwili vikiungika,*
*kimoja mbele chavuka,*
*na pengo litazibika.*

Kumi na vinne. Viwili pamoja. Kimoja. Geuka.
Vilivyobaki uviache, vikungoje kwenye njiti.

Lakini bandarini hatuachi safu katikati.
Mkono wangu ukaenda hadi mwisho kwa mazoea,
nikapata ulimi, umelala bapa.
Nikafumua.
Mara ya pili nikasahau kugeuka upande wa kurudi.
Nikafumua, nikatukana, mama akasikia.

"Lete nione," akasema.
Miaka thelathini aliwapaka maharusi hina;
nyayo za nusu ya mtaa huu amezishika mapajani.
"Kisigino," akasema, "ndicho kinywacho hina zaidi.
Wewe wafuma kitu usichokijua. Shika."

Nikashika.
Ukubwa wangu wote sikuwa nimeushika mguu wa mamangu,
ila siku ile ya machela, na siku ile sikutazama.
Chumba kizima chatokota,
na kisigino chake baridi kama mtungi,
duara, kigumu, kimejaa kiganja.
Nikakaa nacho hata akasinzia.

Usiku ule nikageuka kabla ya mwisho.
Nikarudi, nikageuka tena.
Kila safari hatua moja mbele ya pengo,
kila safari wawili waliongojea wakawa mmoja,
na bila mimi kukiamuru
kitambaa kikaanza kujifinyanga chenyewe,
kikabonyea, kikatuna,
kifuu kidogo juu ya njiti nne.
Nikakitia ngumi ndani. Saa nane usiku. Nikacheka peke yangu.

Ya kushoto ilinipa kazi nyingine,
maana Wakesho hana hesabu ya vidole vitatu.
Hiyo nilipima kwa uzi, yeye amelala,
nikaifunga mapema, kwa mshazari.

Alizivaa. Akanyoosha miguu, akaitazama
kama aitazamavyo kazi ya mpaka hina mwingine.
"Ya kulia imepinda," akasema.
Akalala nazo.

Siku ya tatu nilizikuta kambani, zimefuliwa,
fupi kando ya ndefu, zachuruza maji mekundu kwenye saruji,
na majirani wauliza
ni nani katika nyumba yetu
asafiriye Ulaya.