Baiskeli Isiyoondoka

Baba alibeba watu miaka kumi na tisa,
Kondele hadi Kibuye, Kibuye hadi stendi,
kiti cha nyuma kina pindo la zambarau
na jina la mama, Akeyo, kwa uzi mweupe.
Kisha pikipiki zikaja.
Kisha kiharusi.

Daktari wa viungo kule Russia alisema
dakika ishirini kila siku,
na mkono wa kushoto usiachwe ulale.
Baba akakanyaga pedali siku mbili, akashuka.
"Kwenda bila kufika," alisema,
"hiyo ni kazi ya ng'ombe wa kukamua miwa."

Basi nikamwendea Wekhomo, akanichomelea fremu
kwa mia tatu na deni.
Blakimamba ikasimama sebuleni, Nyalenda,
gurudumu la nyuma halijui tena vumbi.
Kwenye spoki nimefunga sumaku ya spika mbovu,
kando yake swichi, kisha waya hadi kibodi
niliyoipasua kama mbuta: tumbo wazi, miiba nje.
Gurudumu likizunguka, gari kwenye skrini linasonga.
Breki ya kulia, kata kulia.
Breki ya kushoto, kushoto.

Usiku wa kwanza gari lake lilikata kulia,
kulia, kulia,
likazunguka kama kuku aliyekatwa shingo.
Mdogo wangu Okoko alicheka mpaka akakohoa.
Mimi nilikuwa natazama vile vidole vinne
vimelala juu ya chuma kama vya mtu mwingine.

Wiki tatu hivyo. Jasho lilikuwepo.
Ushindi, hapana.

Jana, katikati ya mashindano,
wengine wote wametupita,
Baba akapunguza mwendo.
Kando ya barabara ya mchezo
kuna watu waliochorwa, wanapunga mikono.
"Hawa wamesimama tangu lini?"
"Ni mashabiki, Baba."
"Mtu akikupungia barabarani ni abiria."

Na kando, kwetu, ni kushoto.

Niliona waya wa breki ukikazika.
Kidogo. Ukalegea. Ukakazika tena,
kidole cha shahada kwanza, wengine wakimfuata
kama watoto waliochelewa shule.
Gari likaacha lami, likasimama majanini.
Skrini ikaandika kwamba tumeshindwa.

Baba hakusoma. Alikuwa anahema, anangoja,
shingo imegeuka nusu, kama zamani.
Aliyechorwa hakupanda.

Nikapanda mimi. Fremu ikalia.
"Wapi?"
"Kibuye."
"Ishirini."
"Baba, ni kumi."
"Barabara mbaya," akasema,
akakanyaga.