Maboresho Madogo

Lilikuja usiku, saa nane na dakika kumi na nne,
theluji ya Duluth ikianguka bila kumwomba mtu ruhusa.
Gari gerejini likawasha taa zake, likazizima,
kama aliyemeza dawa chungu akafumba macho.
Asubuhi, kwenye kioo, mstari mmoja:
Maboresho madogo na marekebisho ya hitilafu.
Hitilafu zipi, halikusema.

Orrin aliniomba nimsomee mara mbili.
Macho yake yameliwa katikati, kama karatasi iliyotobolewa na sigara:
pembeni anaiona kofia yangu, mimi hanioni.
Ndiyo maana tuliuza lori la babake
tukanunua hili linalojiendesha,
nami, niliyeuogopa usukani miaka arobaini,
nikakalishwa mbele yake kuwa shahidi.
Sheria inataka mikono iwe karibu.
Naiweka karibu, kama mtu anayeota moto.

Toleo la zamani tulilijua.
Lilikuwa na woga wake, na woga wake ulikuwa na anwani.
Kwenye mteremko wa Barabara ya Ishirini na Moja lilibana kulia
hadi matairi yakanong'onezana na ukingo wa barafu.
Mbele ya duka la vifaa la kina Pelkey
lilimwona dubu wa mbao aliyeshika bango la bei,
likasimama kwa adabu, likangoja avuke.
Na chini ya daraja la reli, jua likiwa limeinama,
lilikiona kivuli, likakidhani ukuta,
likafunga breki hata mayai yakaruka kikapuni.
Nililitukana. Nilituma malalamiko kumi na saba.
Jirani yetu Thaddeus Maki, mwenye gari kama letu,
alisema lake limepona tangu Jumanne,
akawa anatembea kama mtu aliyepata mjukuu.
Nilimwonea wivu, nisiseme uongo.

Basi leo tukatoka, kwenda kwa daktari wa macho.
Mteremko: katikati ya njia, kama uzi wa fundi.
Dubu: tukampita bila salamu.
Daraja: kivuli kikatupitia juu kama kanga iliyoanikwa
na hakuna yai ambalo lingejua.
Nikacheka kwa sauti. Nikasema, limepona!
Orrin kimya.
Halafu akaniuliza, polepole,
kiganja juu ya dashibodi kama anayepima homa:
"Verna, tumefika wapi?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.
Mwaka mzima mimi nilihesabu makosa;
yeye alikuwa akihesabu vituo.
Bega kusukumwa: mteremko. Kusita: dubu.
Mkanda kumkaba kifua: daraja, zimebaki dakika nne.
Ramani yake yote iliandikwa kwa hitilafu,
na wahandisi, vijana wa watu, huko kusikojua theluji,
wameifuta usiku mmoja.
Wahenga walisema heri zimwi likujualo.
Hawakusema tufanyeje zimwi likishafunzwa adabu.

Tukarudi jioni, jua limeinama vilevile.
Daraja linakuja. Gari linateleza, haliogopi kitu.
Nikatazama kioo: nyuma hakuna mtu.
Nikauinua mguu wangu wa kulia, mwoga wa miaka arobaini,
nikakanyaga.
Si sana. Kiasi cha mayai kugongana.
"Daraja," akasema Orrin, akajiegemeza.

Gari likalia kidogo, likauliza kwa sauti yake laini kama uji:
Umeingilia kati. Tafadhali eleza sababu.
Likanipa sekunde kumi.
Nilizitazama zikiisha, moja moja, sikutia neno.
Mbele, dubu wa mbao alikuwa amesimama na bei zake,
na mguu wangu ulikwisha kuanza kumpisha.