Ngeli

Sanduku la kumi na nne, msituni karibu na Tiverton.
Bi Pengelly anainua kifuniko taratibu:
panya-miti, mkia wa manyoya, kajikunja kama tonge,
gramu kumi na tisa, anakoroma.
"Andika." Naandika:
ngeli, mamalia; oda, wagugunaji;
hali, hatarini.

La kumi na tano lina mpangaji mwingine,
kidege kifua manjano, ananifyonya.
Ngeli, ndege. Hali, shwari.

Bi Pengelly hajui kwamba katika sarufi ya mama yangu
hawa ni ngeli moja:
panya analala, ndege analalama,
sawa na mimi, sawa na yeye;
ni buti zetu tu zilizo kando.

Narudi la kumi na nne.
Nafunga kifuniko, nikiombea wingi:
mwakani, humu humu,
wanalala.