Niko Njiani

Kila nikiwasha gari, mwanamke wa Kijapani hunisemesha.
Mwaka wa nne huu. Sijui asemacho.
Labda ni kadi haimo, labda ni mkanda,
labda analitaja jina la mwenye gari wa kwanza, huko Nagoya,
aliyemzoea, akamuuza bila kumuaga.
"Haya, mama," namjibu,
na pumzi yangu inaganda kwenye kioo.

Ulaanbaatar, saa moja na nusu asubuhi,
nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Moshi wa makaa umeikalia barabara
kama mgeni asiyejua kuaga.
Jana namba ya gari langu ilikuwa mwiko mjini.
Leo ni zamu ya wengine kupanda basi,
ila hao wengine wamenunua gari la pili.

Nyekundu. Kijani. Nyekundu.
Hatujasogea.
Jirani yangu wa kushoto ananyoa ndevu,
simu ndiyo kioo chake.
Nyuma, Temuulen wangu, miaka tisa,
anamtazama mtu asiyemjua akifungua zawadi zisizo zake.
"Tumefika?" Macho hayainuki.
"Tuko njiani."

Simu inalia. Baba.
Kule kwake mtandao una mahali pamoja tu ndani ya hema la sufu:
kando ya nguzo, usawa wa bega.
Hapo ameitundika simu kwa uzi wa manyoya ya ngamia,
ameivika soksi yangu ya utotoni isipate baridi.
Akipiga huweka spika, husimama mbele yake,
kofia mkononi, kama aliyeitwa ofisini.

"Uko wapi?"
Zamani angeanza na hali, na mifugo kama imenona.
Simu imetufundisha kuulizana mahali.

"Niko njiani, Baba."

Neno hili nimelisema nikiwa kitandani.
Nimelisema na povu kichwani, maji yakichuruzika hadi miguuni.
Nililisema kwa mume wangu majira yale ya kuchipua
nilipokuwa sina nia ya kurudi.
Leo ni kweli tupu,
na kweli yenyewe haisogei.

Anasema farasi wamepotea, siku ya pili leo.
Kawafuata kwa pikipiki hadi petroli ikamwishia;
dume lake la kupanda limefungwa kigingini,
linanenepa kwa aibu.
"Nyumbani hadi shule, umbali gani?"
"Kilomita nne."
"Umetoka saa ngapi?"
Nikamwambia.
Kimya. Upepo tu, na mlango wa hema ukigonga.
"Binti yangu, mbuzi mwenye mimba
angefika, akazaa, akarudi na mtoto."

Nikacheka mpaka jirani akajikata kidevu.
"Na farasi, Baba? Umewa..."

Ikakatika.
Napiga. Mwanamke mwingine, huyu namwelewa:
mteja wangu hapatikani kwa sasa.
Napiga tena. Hapatikani, kwa adabu ileile.

"Babu amewapata?"
Kumbe alikuwa akisikiliza.
Ameigeuza simu yake kifudifudi juu ya paja,
anasugua barafu dirishani kwa mkono wa koti,
tundu dogo, la jicho moja,
anachungulia kati ya magari.

Nyuma yangu wanapiga honi. Nafasi ya mita moja imefunguka.
Naachia breki.
"Wako njiani," nasema.