Mkono wa Kukamua

Alhamisi ni siku ya mnada hapa Sinaw.
Alfajiri ngamia wameshafungwa goti sokoni,
kufika saa tatu mmoja wao kamvunja mtu paja.

Ndivyo alivyonijia Musallam bin Hamoud,
kitanda namba saba, wodi ya wanaume,
kanzu imepasuliwa kwa mkasi,
jambia amekabidhiwa mwanawe, ndevu zina mchanga.
Niliposogea na beseni, taulo begani,
alinitazama kama mtu anayeuziwa mbuzi mgonjwa.
"Daktari yuko wapi?"
Ameshapita.
"Na wewe nani?"
Muuguzi.
Akaugeukia ukuta.
"Hiyo kazi ya binti zangu."

Sikujibu.
Maji ya beseni hupoa upesi penye kiyoyozi,
hayangoji mtu amalize kudharau.
Nikamwosha nyuma ya masikio, kwapani,
baina ya vidole vya mguu ule mzima,
shuka naifunua upande mmoja tu,
kama afunuaye kawa mbele ya wageni.
Macho yangu kwenye kazi. Yake darini.

Kule Wete mama yangu, Bi Mwanakheri,
huwaambia wenziwe wanaosuka ukili:
mwanangu Fakih daktari, yuko Uarabuni.
Bi Time huniletea goti lake kwa simu.
Nami namwambia, punguza chumvi, nenda kapimwe,
na ile "ahsante daktari" yake naiacha ipite.
Miaka sita sasa.
Uongo ule umeshaezekwa bati,
umeshachimbiwa choo cha ndani.

Usiku wa tatu, saa tisa, kengele ya namba saba.
Hakusema neno. Shuka ilikuwa imelowa.
Shajan wa Kerala akashika nyonga, mimi bega,
moja, mbili, tukamlaza ubavu,
na mzee akalia, bila sauti,
wala si kwa paja.
Nikatandika. Nikambadilisha.
Nikafungua dirisha kidogo, ingawa hairuhusiwi,
joto la nje likaingia na harufu ya vumbi na samadi,
akaivuta kama mtu aliyeletewa barua.

Ndipo akaanza. Mwaka fulani, Wadi Andam,
jike lake la kwanza lilikwama uzazini.
Akavua kanzu, akazamisha mkono hadi bega,
usiku kucha akilibembeleza kwa maneno
ambayo, alisema, mkewe hajapata kuyasikia.
Ndama akatoka miguu mbele, bluu.
Akampulizia puani. Akamkausha kwa kanzu ileile.

"Kumbe mzee ulikuwa mkunga," nikasema.
Akacheka, paja likamkaripia, akacheka tena.

Kisha akaomba mkono wangu.
Akaugeuza chini ya taa, akaubinya kiganja,
akakunja vidole kimoja kimoja
kama wanavyokagua meno kule mnadani.
"Kwetu ngamia hakamuliwi na kila mwanamume.
Mkono mzito, anayafunga maziwa.
Huu wako," akaurudisha kitandani taratibu,
"huu ni wa kukamua.
Lakini chai yako mbovu."

Asubuhi nikatoka zamu, macho yanawasha.
Simu ikaita nikiwa bado na viatu vya wodini.
"Daktari wangu hajambo?"
Mbele yangu gari la mzigo lilikuwa limepakia majike wawili,
wametoa shingo nje, wanatafuna hewa.
"Muuguzi, mama."
"Wasemaje?"
"Mimi muuguzi. Naosha watu. Nawageuza wasipate vidonda.
Nawapa dawa. Wakifa, nawafunga kidevu."

Kimya.
Nikasikia miyaa inavyokwaruzana mkononi mwake,
inasimama, inaendelea.
"Huyo wa jana uliyemwosha," akasema,
"maji uliyapasha?"
Niliyapasha, mama.
"Haya. Umekula?"